Kinachobaki ni Tisa

Chukua namba yoyote, ndefu upendavyo. Igeuze, tarakimu ya mwisho iwe ya kwanza na ya kwanza iwe ya mwisho. Kubwa toa ndogo. Jumlisha tarakimu za jibu, na zikizidi moja uzijumlishe tena. Tuseme 5283. Ukiigeuza ni 3825. Ukitoa, unapata 1458. Moja na nne na tano na nane ni kumi na nane. Moja na nane ni tisa.

Itakuwa tisa kila mara, isipokuwa kwa namba inayosomeka vilevile huku na huku. Hiyo hujiua yenyewe, ikabaki sifuri.

Ijaribu ukiwa peke yako. Usiifanye mbele ya watu wenye msiba.

Mimi nilifundishwa jambo hili na karani wa tumbaku kule Urambo, nilipokuwa napakia marobota. Shule yangu ni ya vipandevipande, darasa huku, darasa kule, kisomo cha watu wazima kidogo, mengine nimeokota njiani. Karani alikuwa akihakiki hesabu zake kwa kile alichokiita kutupa tisa. Niliona ni michezo ya kupotezea muda mpaka mwezi wa pili mwaka huu, nilipopanda juu Ufipa, mbele ya Msanzi, kumsalimia Otilia.

Otilia ni mjane wa Teodori, rafiki yangu wa zamani tuliyebeba naye mizigo mingi. Nilimkuta shambani, peke yake, na hilo lilinishtua kabla hata ya salamu. Ntumba hailimwi na mtu mmoja. Mwenye shamba anapika pombe ya ulezi, majirani wanakuja na majembe, wanakata nyasi na kuzifunika, majani chini, udongo juu, mpaka shamba zima limejaa matuta ya mviringo kama vyungu vilivyofudikizwa. Nyasi huozea humo ndani, na mwaka unaofuata udongo ule hutawanywa ukapandwa ulezi. Otilia alikuwa ameshapika pombe. Majembe hayakuja.

"Shemeji," akasema, "hiyo miguu haijakatika tu?"

"Ikikatika nitatambaa. Watu wako wapi?"

"Wana shughuli."

"Wote?"

"Wote. Njoo unywe, itaharibika."

Nyumbani ndipo aliponieleza. Radi ilikuwa imempiga Abel, kijana wa Raymond, mlangoni kwao. Raymond ni jirani. Mashamba yao yanatenganishwa na kijito tu. Kabla ya hapo, mbuzi wa Raymond walikuwa wameingia kwenye maharage ya Otilia, naye akasema, "Mungu anaona." Ndilo neno lenyewe. Nani hajawahi kulisema? Lakini radi ikaja, kijana akazikwa, na watu wakaanza kulikumbuka.

Sumbawanga, wenyeji wanakwambia, maana yake ni tupa uchawi. Mimi nimepita pale mara nyingi, na kila mara najiuliza huo uliotupwa uliangukia wapi.

"Raymond amemwita mtaalamu kutoka mjini," Otilia akasema. "Anakuja kesho."

Mtaalamu mwenyewe aliitwa Oswaldi. Nilimfahamu kwa sura. Ana kibanda cha simu pale Majengo, Sumbawanga mjini, anasajili laini, anaweka nyimbo kwenye simu za watu. Siku hizi alikuwa ameongeza kazi ya pili. Alikuja na pikipiki, koti la ngozi, viatu vyeupe ambavyo tope la Ufipa lilivipokea vizuri sana. Watu walikusanyika kwenye uwanja wa kigango. Katekista alikuwa ameondoka mapema. Alisema ana mgonjwa wa kumwona.

"Mimi sina tunguri," Oswaldi akaanza. "Sina kioo, sina kuku mweusi. Kila mmoja wenu ana namba ya NIDA, tarakimu ishirini. Nimewapa mimi?"

"Hapana."

"Imetoka serikalini. Haifanani na ya mtu mwingine yeyote. Mtu anaweza kudanganya jina, anaweza kudanganya kabila. Namba haidanganyi."

Aliomba ubao wa shule uletwe, na mwalimu Jenifa aje nao, ili pasiwepo mtu wa kusema kuwa hesabu ni zake yeye Oswaldi. Jenifa ni binti mgeni, hata mwaka hajamaliza pale. Alikuja kwa sababu mwenyekiti wa kitongoji alimwita, akasimama na chaki kama mtu aliyeshikishwa nyoka.

Siku hiyo ya kwanza Oswaldi hakugeuza namba ya mtu. Alijumlisha tu. Mtu anasoma tarakimu zake ishirini, Jenifa anaandika, anajumlisha mpaka inabaki moja. Nne, safi. Mbili, safi. Mboje, Msukuma mwenye ng'ombe wengi kule bondeni, alipata saba.

"Na ng'ombe zangu je?" akauliza. "Zenyewe hazina NIDA."

Watu walicheka. Nafikiri ndicho kicheko cha mwisho nilichokisikia kule.

Shemeji yake Raymond akapata tisa. Tisa ndiyo Oswaldi alikuwa amewaambia kuwa ni ya mchawi. Oswaldi hakubabaika hata kidogo. "Tisa iliyokuja yenyewe ni ya mimba," akasema. "Miezi tisa. Huyu atapata watoto." Mtu mzima yule akafuta jasho, akarudi kwao akiwa na baraka.

Ilipofika zamu ya Otilia, Oswaldi aliinua mkono kabla mama huyo hajasoma hata tarakimu moja.

"Hii sijumlishi. Kuna watu mchana ni mtu, usiku ni kitu kingine. Namba ya anayegeuka lazima igeuzwe, kisha kubwa itolewe ndogo. Kesho asubuhi. Ikitoa tisa baada ya kugeuzwa, hiyo si ya mimba."

Hakuna aliyemuuliza kwa nini Otilia. Wote walikuwa wanajua.

Jioni tulikaa jikoni, moto katikati yetu. Nilikuwa nimekwisha kuona mtego ulipo, na nilikuwa na furaha ya kipumbavu, kama mtu aliyeona ufunguo.

"Itakuwa tisa," nikamwambia.

"Unajuaje? Hujaiona hata namba yangu."

"Sihitaji kuiona. Kumi ni nini?"

"Kumi ni kumi, shemeji. Umelewa?"

"Kumi ni tisa na moja. Mia ni tisini na tisa, na moja. Elfu?"

Akafikiri. "Mia tisa tisini na tisa. Na moja."

"Basi. Tarakimu ikae popote, ukishatupa tisa zote inabaki yenyewe. Mbili iliyokaa kwenye mia inabaki mbili. Mbili iliyokaa kwenye elfu inabaki mbili. Sasa mtu akigeuza namba, amefanya nini? Amezihamisha tu, kama watu wanaobadilishana viti kanisani."

"Masalio ni yaleyale."

"Yaleyale. Ukitoa moja kwenye nyingine, masalio yanauana. Kinachobaki ni tisa tupu. Hawezi kupata kingine."

"Hata mtu akiwa mtakatifu?"

"Hata askofu."

Alisukuma kuni ndani. "Na yake Oswaldi?"

"Tisa."

"Na ya Raymond?"

"Tisa. Wote. Kesho nasimama nawaeleza, mchezo unakwisha."

Nilidhani atashukuru. Alinitazama kwa muda, macho yake mekundu kwa moshi.

"Hilo ni baya kuliko nilivyodhani," akasema.

"Baya vipi? Ndio wokovu wako."

"Shemeji, mtu aliyezika mwanawe hatafuti hesabu. Anatafuta mtu. Ukimnyang'anya mmoja atataka mwingine."

"Basi tuondoke. Twende hata Kaoze, nina watu kule."

"Nimwache Teodori na nani? Kaburi lake atalifagia nani?" Akachochea moto. "Nitasema mimi. Wewe mgeni, funga mdomo. Mgeni akisema ukweli hapa, unakuwa ukweli wa mgeni."

Asubuhi uwanja ulijaa kuliko jana. Wanaume wengi walikuwa na majembe begani; walisema wanapitiliza shambani. Raymond alisimama mbele kabisa. Ni mtu mkubwa, mpole wa siku zote, na msiba ulikuwa umemfanya awe mpole zaidi, kiasi kwamba hukutaka kukaa karibu naye. Wingu lilikuwa limeanza kujijenga upande wa Ziwa Tanganyika.

Otilia alisoma namba yake kwa sauti. Siiandiki hapa, imeshasomwa vya kutosha. Jenifa aliiandika, akaigeuza, akatoa. Ilimchukua muda, tarakimu ishirini kwa ishirini, na chaki ilikuwa inalia ubaoni. Alijumlisha. Akarudia tangu mwanzo.

"Mwalimu, umehakiki?" Raymond akauliza.

"Nimehakiki."

"Ngapi?"

Aliiandika. Tisa.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu walisogea tu, nusu hatua, kama ng'ombe wanaposikia kitu kichakani. Otilia hakusogea.

"Sijakataa," akasema. "Sasa geuza na ya mtaalamu."

Oswaldi akacheka. "Bibi, daktari hajipimi mwenyewe."

"Kwa nini asijipime?" Sauti ilikuwa ya Raymond.

"Kaka, kazi yangu..."

"Nimeuliza tu. Kwa nini asijipime?"

Wakati wanabishana, Jenifa alikuwa amegeukia ubao. Hakuambiwa na mtu. Alifuta, akaandika namba nyingine, akaigeuza, akatoa. Mkono ulikuwa unakwenda haraka sasa. Tisa. Alisimama akiitazama, kisha akatugeukia, na nilijua kwamba ameshaelewa.

"Hii ni yangu," akasema. "Jamani, ni hesabu. Ni hesabu tu. Kila namba ukiigeuza na kuitoa, jibu litakuwa tisa. Hata yako, baba. Hata ya mtoto mchanga."

"Kila namba?" mtu akauliza.

"Kila namba."

Aliwapa dawa, bwana, nao waliipokea kama ugonjwa. Niliwaona wanavyotazamana. Mama mmoja alimvuta mtoto kutoka mkononi mwa jirani aliyekuwa amemshika tangu asubuhi. Mboje alikunja kitambulisho chake ndani ya kitambaa, akafunga fundo. Kila mtu alikuwa na tisa mfukoni, na kila mtu alijua kwamba mwenzake anayo.

Raymond ndiye aliyekwenda mbele. Alitoa kitambulisho kwenye mfuko wa shati, akampa Jenifa. "Andika."

Akaandika, akageuza, akatoa. Tisa. Raymond aliitikia kwa kichwa, kana kwamba aliitarajia. Halafu akaingiza tena mkono kwenye mfuko uleule, akatoa kitambulisho cha pili. Kilikuwa kipya, plastiki bado inang'aa.

"Na hii."

Jenifa alisoma jina. "Baba, hii hapana."

"Andika."

"Baba Abel, tafadhali."

"Andika, mwanangu."

Aliandika huku analia. Sijui nani kati yetu alikuwa bado hajui jibu, lakini tulisubiri wote. Chaki ilipogusa ubao mara ya mwisho, radi ya mbali ilinguruma upande wa ziwa, na watu wakajikunyata.

Raymond alimgeukia Oswaldi. Alisema polepole, kwa upole uleule.

"Umemwita mwanangu mchawi. Yuko kaburini, umemwita mchawi."

"Kaka, mimi sikusema... Yule si wa kugeuzwa. Kila kitu kina masharti yake."

"Umesema namba haidanganyi."

Oswaldi alitazama huku na huku kutafuta uso wa kumsaidia. Alitoka mjini. Hakuwa na shangazi pale, hakuwa na mjomba, hakuwa na mtu wa kusema huyu ni wetu. "Naondoka zangu," akasema. "Hela yenu nitawarudishia."

"Hakuna anayedai hela," Raymond akasema. "Ila mgeni hasindikizwi?"

Wanaume watano au sita walijitenga na kundi bila kuitwa. Walimsindikiza. Hakuiwasha pikipiki, walikuwa wanamsaidia kuisukuma, wawili huku na wawili huku, naye katikati. Majembe yalibaki begani. Mvua ilianza kabla hawajafika kwenye kijito, nasi tukaingia ndani, kila mtu kwake, na nikasikia komeo zikifungwa nyumba hadi nyumba wakati ni mchana mweupe.

"Umepona," nikamwambia Otilia.

Alikuwa anasikiliza mvua.

Asubuhi iliyofuata alikwenda shambani nami nikamfuata. Tulisimama ukingoni. Shamba lake lilikuwa limelimwa. Pale jana palipokuwa na nyasi, sasa palikuwa na matuta mapya, yamepangwa vizuri, udongo mweusi umelowa. Majirani waliomsusa walikuwa wamekuja kumlimia ntumba kwenye mvua, bila kuitwa na bila kunywa pombe yake. Kwa kitambo kidogo nilidhani ni kuomba radhi.

Otilia aliingia ndani ya shamba akatembea katikati ya matuta. Alisimama karibu na kijito. Nilipomfikia, nikaona anachokitazama. Ntumba ni ya mviringo. Hata mtoto wa Kifipa hawezi kukosea. Tuta lile lilikuwa refu.

Kando ya tuta, kwenye tope, kulikuwa na alama ya tairi moja iliyoishia kwenye maji.

"Wameleta kwangu," Otilia akasema baadaye. "Wameona hapa ndipo pa kuweka."

"Likifukuliwa watasema ni wewe."

"Watasema." Alipangusa mikono kwenye kitenge ingawa haikuwa na uchafu. "Ana mke?"

"Anaye. Bertilla, nadhani. Anakaa kibandani Majengo."

"Nenda kamwambie. Mtu hawezi kuoza chini ya ulezi wangu, halafu mwakani niutawanye huo udongo na kuula. Nenda sasa hivi. Wakishtuka kwamba tumeliona, watalikata liwe matuta mawili ya mviringo, na hapo tena hakuna atakayejua."

"Twende wote."

"Tukienda wote, nani atalilinda?"

Nilipata bodaboda Msanzi. Majengo maduka yalikuwa wazi, muziki unapigwa, vijana wanapeana mambo na poa, na kibanda cha Oswaldi kilikuwa wazi nusu dirisha. Bertilla alikuwa ndani na askari mmoja. Simu ya mumewe haipatikani tangu jana. Askari alikuwa anaomba namba ya kitambulisho ili aandike taarifa, naye Bertilla akaisoma kutoka kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, tarakimu mojamoja. Kichwa changu kilikuwa kinatupa tisa chenyewe, bila kuombwa, na nilipogundua nikatamani kujipiga kofi.

"Shikamoo mzee," Bertilla akasema. "Unasajili laini? Leo hatufanyi."

"Marahaba. Sisajili. Natoka upande wa Msanzi."

Akasimama. Nadhani aliona usoni kabla sijasema.

Nikasema. Nilisema uwanja, ubao, kusindikizwa, tuta. Nilisema kwamba shamba ni la Otilia na tuta si la Otilia, na nikarudia hilo mpaka askari akaniambia, mzee, nimesikia. Bertilla hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Alisema namba ya huyo bibi itatoa tisa?"

"Ndiyo."

"Mimi nilimwambia aiache hiyo hesabu," akasema. "Aliwahi kuigeuza namba ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto wetu, kwa mchezo tu. Usiku ule hakulala."

Mimi si mtu wa kurudi. Mahali nikishaondoka nimeondoka, watu wananijua hivyo tangu ujana. Lakini gari la polisi lilipojaa nilipanda nyuma, nikakaa kati ya askari wawili wenye machepe. Njiani yule askari wa kibandani akatoa kalamu.

"Mzee, namba yako ya NIDA?"

Nikamtajia, zote ishirini. Aliziandika.

"Na ya huyo bibi?"

"Atakutajia mwenyewe," nikasema, "tukimkuta."

Wingu lilikuwa limefunika ziwa lote na sasa lilikuwa linapanda juu yetu. Tulipofika mahali ambapo barabara inainuka na mashamba yanaonekana, dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa. Wanaume walikuwa shambani kwa Otilia, wamesimama duara, majembe mkononi. Sikuweza kuhesabu wangapi, wala sikujaribu. Raymond nilimjua kwa ukubwa wake. Hakuna aliyekuwa analima.

Katikati yao Otilia alikuwa amekaa juu ya lile tuta refu, kitenge kimefunika magoti, miguu ameinyoosha mbele, amelikalia kwa uzito wake wote. Mvua ikaanza. Raymond alikuwa wa kwanza kugeuka na kutuona, na jembe lake lilikuwa bado juu.